Sura ya Saba: Nukta Mia Tatu kwa Inchi

Ripoti ya fundi wa kompyuta ilikuwa na kurasa mbili, na mkuu wa kituo alikuwa ameipigia mstari mwekundu sentensi moja tu: "Picha imewekwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, ambao ni ukali wa kuchapia."

"Umeiona hiyo?" mkuu alisema. "Picha ya boksi la dawa bandia imo kwenye kompyuta yake, na imeandaliwa kwa mtambo wa kuchapa. Unataka nini tena, aje akupigie magoti?"

"Nataka kujua kwa nini ni mia tatu," Inspekta alisema.

"Kwa sababu kuchapa ni mia tatu. Hata mimi nimelijua hilo leo, na picha pekee ninayoifahamu ni ya kitambulisho."

Inspekta alikunja ripoti akaitia ndani ya jalada. Jalada lenyewe lilikuwa limenenepa tangu jana. Kwa wiki tatu wagonjwa wa shinikizo la damu wa zahanati moja walikuwa wakimeza vidonge vya chokaa na wanga. Sita walilazwa. Maboksi ya dawa hizo yalifanana na ya kweli kiasi kwamba muuguzi mkuu aliwagawia wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Jumatano asubuhi, ndani ya sanduku la maoni la kituo, ambalo kwa miaka mitatu lilikuwa limepokea lalamiko moja la choo na maganda ya pipi, ikakutwa karatasi isiyo na jina. Karatasi iliwaelekeza polisi kwenye ofisi ya msanifu wa michoro ambaye mji mzima unamwita Milimita. Walipofungua kompyuta yake, picha ya boksi ilikuwemo. Milimita yuko mahabusu tangu siku hiyo.

Halafu jana alfajiri mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, akafariki. Kesi ya bidhaa bandia ikageuka kesi ya kuua. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na saa kumi jioni jalada lilipaswa kuwa kwa mwendesha mashtaka. Mtu akishasomewa shtaka hilo hapati dhamana. Hukaa rumande mpaka kesi iishe, na kesi kama hizo hazina haraka na mtu.

"Dalili ya mvua ni mawingu, Inspekta," mkuu alisema.

"Ndiyo, mkuu. Lakini hatujawahi kumfunga mtu kwa mawingu. Nipe mpaka saa kumi."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Kimoja kilikuwa kibovu, na askari walikuwa na desturi ya kuwapa watuhumiwa hicho. Milimita alikuwa amekikalia bila kulalamika. Alikuwa mrefu kuliko jina lake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na jina alilipata kazini kwa kurudisha kadi elfu moja za harusi kwa mchapaji kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umehama kwa milimita. Alisoma ripoti, akaisoma tena, akaonekana ameudhika, kama mpishi aliyeambiwa ametia chumvi kwenye chai.

"Picha hii ni yako?" Inspekta aliuliza.

"Ni yangu. Nilimtengenezea shemeji, mume wa dada yangu. Ana duka la dawa la jumla. Alitaka picha ya boksi kwenye tovuti ya duka, nikampa. Ni miezi minane sasa."

"Ya tovuti. Si ya kuchapa."

"Ya tovuti tu, afande. Upana wake ni nukta mia sita. Kwenye skrini ya simu inatosha na kubaki. Kwenye karatasi haifai hata kufungia karanga."

"Ripoti inasema mia tatu kwa inchi."

"Mimi niliiacha sabini na mbili, na sijaigusa tena."

"Namba hiyo inaweza kubadilishwa?"

"Na yeyote mwenye kidole." Milimita aliegemea mbele, kiti kikalia. "Afande, ukiwa na mfuko wa sukari wa kilo moja, ukachukua kalamu ukaandika juu yake kilo tano, utakoroga vikombe vingapi vya chai?"

"Vile vile."

"Basi ndiyo hivyo. Kuandika mia tatu hakuongezi nukta hata moja. Zilikuwa mia sita, zitabaki mia sita. Ukiziamuru zikae mia tatu kila inchi, zitajaza inchi mbili na kwisha. Boksi lenyewe lina inchi ngapi?"

Inspekta alikuwa amelipima siku ya kwanza. "Tano."

"Sasa inchi tatu zilizobaki atazichapa nani?"

Watuhumiwa wengi wana hesabu zao, na Inspekta alikuwa amezisikia za kila namna. Hii aliiandika, kwa sababu inaweza kupimwa kwa rula.

"Picha iliguswa mara ya mwisho Jumanne, saa nane na dakika arobaini mchana," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa Bi Wino, kiwandani kwake. Nilikuwa nasimamia kalenda za mteja. Tangu saa saba mpaka jioni."

"Mlango wa ofisi yako haukuvunjwa. Nani ana ufunguo?"

Hapo hesabu zikakatika. Milimita alitazama mikono yake.

"Ufunguo ni wangu."

"Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza nani anao."

"Mimi, afande. Andika mimi."

Inspekta aliandika hivyo, akaongeza dakika alizosubiri kabla ya kulipata jibu. Ilikuwa dakika moja kasoro, na kwa swali la ufunguo ni nyingi mno.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa bohari ndefu yenye mitambo miwili na kelele za mitambo sita. Kando ya ukuta kulikuwa na marobota ya karatasi na gunia la vipande vilivyokatwa. Mwenye kiwanda, ambaye wateja humwita Bi Wino, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei. Miwani ilining'inia shingoni kwa kamba, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa namna ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.

"Jumanne?" alisema kwa sauti ya kushinda mtambo. "Alinisumbua saa tano nzima, mwanangu. Bluu imekolea, bluu imepauka, hii si bluu. Alipoondoka nilimeza panadoli mbili."

Wafanyakazi wake wawili walisema vivyo hivyo, kila mmoja peke yake, mmoja akiwa na matusi kidogo. Inspekta aliwaandika wote watatu, matusi akayaacha. Halafu akatoa kifaa kidogo chenye nakala ya picha.

"Nichapie hii. Usibadilishe chochote."

Bi Wino alivaa miwani, akafungua picha, akaguna. Karatasi ilipotoka, boksi la dawa lilikuwa katikati yake, dogo kama kiberiti. Inspekta aliweka rula. Inchi mbili kamili.

"Sasa ikuze ifike inchi tano."

Ya pili ilitoka kubwa, lakini hapakuwa na haja ya rula. Kingo za herufi zilikuwa zimekatika ngazi ngazi. Yale maelezo madogo ya chini, ya mgonjwa ameze vidonge vingapi na wakati gani, yalikuwa uji mtupu. Inspekta alitoa boksi bandia kutoka kwenye mfuko wa ushahidi, akaliweka kando ya karatasi bila kulitoa kwenye nailoni. Bi Wino alichukua kioo chake cha kukuzia akainama juu yake.

"Haya," alisema baada ya muda. "Tazama hapa mwenyewe. Herufi imekatwa kama kwa wembe. Hata anwani ya kiwanda inasomeka, na mimi bila miwani siisomi hata ya kwangu. Aliyechapa hili alikuwa na mchoro wenyewe, ule mkubwa. Inchi tano kwa mia tatu ni nukta elfu moja na mia tano za upana, si chini ya hapo. Hiyo uliyoniletea ni ya kuangalia kwenye simu ukiwa umelala."

"Kwa hiyo boksi hili halikutoka kwenye picha hii."

"Labda picha yenyewe izaliwe upya."

"Wewe ungeweza kulichapa?"

Bi Wino alishusha kioo. "Ningeweza. Na wengine wanne humu mjini wangeweza. Mlango wa stoo uko wazi, pekua."

Inspekta alipekua. Kadi za kutengenezea maboksi zilizokuwa stoo zilikuwa nyeupe pande zote mbili, na boksi bandia lilikuwa na mgongo wa kijivu. Katika vitabu vya oda hapakuwa na kazi yoyote ya dawa. Alitumia dakika arobaini kupata majibu hayo mawili, na Bi Wino akamfuata nyuma rafu kwa rafu akirudishia vitu mahali pake.

"Swali la mwisho," Inspekta alisema. "Kati ya watu wa kazi hii, nani anaweza kuchukua picha ya tovuti, akaiandika mia tatu, akaamini amemaliza?"

Bi Wino alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Wa kazi hii? Hakuna. Labda dada yake Milimita! Huyo ndiye bingwa." Alijifuta macho kwa upande safi wa kiganja. "Huwa anamsaidia ofisini, siku mbili kwa wiki, anapokea oda na kunitumia kazi. Mwaka juzi aliniletea kadi za harusi, picha imetolewa kwenye simu, ndogo hivi. Maharusi wakatoka bila pua. Nikafoka, si unajua nikifoka? Nikamwambia nisiletewe tena kazi humu bila mia tatu! Basi akashika hilo kama aya. Tangu siku ile, akinitumia picha ya simu, mia tatu. Nembo ya kwenye tovuti, mia tatu. Anaandika namba, ndani hamna kitu."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Mimi nilitaka kumwambia. Milimita akanizuia. Akasema, bibi, mwache, dada yangu ndiye aliyenilea tangu mama afariki, siwezi kumkosoa kazi mbele za watu. Akawa ananipigia simu pembeni, ananitumia kazi sahihi kimya kimya. Miaka miwili sasa. Dada wa watu anajua kazi zake zinatoka safi."

Mtambo mmoja ulinyamaza wafanyakazi wabadilishe karatasi. Bi Wino alimtazama Inspekta usoni, na kicheko kikamwisha.

"Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Bado sijui," Inspekta alisema. Alikuwa ameshajua, na hakupenda kumdanganya mtu aliyemfungulia stoo yake.

Ndani ya gari alifungua jalada akaitoa karatasi ya sanduku la maoni. Ilikuwa imepigwa chapa, mistari miwili: "Picha ya kuchapia boksi la dawa imo kwenye kompyuta ya msanifu. Ukali wake ni 300." Jumatano aliisoma mara tatu na hakuona kitu. Sasa aliona. Mtu aliyechungulia kwenye kompyuta ya mwenzake angesema ameona boksi. Angeweza kutaja rangi yake au jina la dawa. Huyu alitaja namba ambayo haionekani mpaka uifungulie dirisha lake, na kwake namba hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi wenyewe.

Hata hivyo alianza na shemeji, kwa kuwa shemeji ndiye mwenye duka la dawa, na mtu humrushia jirani tope ili lisimrukie yeye. Aliipigia simu zahanati. Muuguzi mkuu akafungua daftari la wageni. Jumanne, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, shemeji alikuwa kwenye kikao pale pale zahanati, yeye na wasambazaji wengine wawili, wakiulizwa kuhusu vidonge visivyofanya kazi. Alisaini kuingia na kutoka. Alikuwa na uchungu sana, muuguzi alisema, alipiga hadi meza.

Saa nane na dakika arobaini, basi, si yeye aliyekuwa kwenye kompyuta. Inspekta alituma koplo na askari wawili wenye hati ya upekuzi kwenye ghala lake, kwa sababu kutokuwa mahali pamoja si kutokuwa mahali popote. Kisha akarudi kituoni.

Dada yake Milimita alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Tangu Jumatano alikuwa akija asubuhi na kuondoka saa tisa, na askari wa zamu walikuwa wameshamzoea kiasi cha kumwachia atunze kalamu ya daftari. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, amejifunga kitambaa kichwani kwa unadhifu, na mkoba mapajani. Inspekta alimwita ndani na kumpa kiti kizima.

"Naomba msaada wako kidogo, dada," alisema. "Nasikia unaijua kazi ya ndugu yako."

"Kidogo tu, afande. Napokea oda na kutuma kazi kwa Bi Wino."

"Mkuu anataka picha ya ndugu yako kwenye jalada, ukubwa wa karatasi nzima. Tumepata hii kwenye tovuti ya ofisi yake, na fundi wetu ametoka. Unaweza kutuandalia tuichape?"

Aligeuza kompyuta. Kwenye skrini Milimita alikuwa anatabasamu, amevaa shati jeupe, picha ndogo ya ukurasa wa mawasiliano. Dada alisogeza kiti. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefunga kifungo. Alifungua dirisha la vipimo, akafuta sabini na mbili, akaandika mia tatu, akahifadhi. Haikuchukua hata dakika.

"Tayari, afande. Nimeiweka mia tatu. Haitawasumbua."

Inspekta alibonyeza. Printa ya kituo ilikohoa, ikatoa karatasi. Katikati ya weupe wote ule uso wa Milimita ulikuwa na ukubwa wa stempu.

"Mbona ndogo?" dada aliuliza.

"Kwa sababu haina nukta za kutosha. Namba unayoiandika haiziongezi. Hazijawahi kuongezeka, tangu zile kadi za harusi. Ndugu yako alikuwa anarekebisha nyuma yako."

"Hajawahi kuniambia."

"Hajawahi." Inspekta aliweka kando ya ile stempu karatasi iliyotoka kiwandani, yenye boksi la dawa dogo kama kiberiti. "Hii nayo imefanyiwa hivyo hivyo. Jumanne, saa nane na dakika arobaini. Ndugu yako alikuwa kwa Bi Wino, watu watatu wamemwona. Mumeo alikuwa zahanati, na daftari limesainiwa. Nimemuuliza ndugu yako nani mwingine ana ufunguo, akasema ni yeye peke yake. Ninaomba uweke mkoba wako mezani."

Dada hakuuweka. Aliufungua mwenyewe, akatoa ufunguo mmoja uliofungwa uzi wa kijani, akauweka juu ya picha ya ndugu yake.

"Ni haki yako kunyamaza," Inspekta alisema. "Utakachosema nitakiandika."

"Andika." Sauti yake haikupanda. "Nilikuta makatoni chumba cha nyuma cha ghala. Maboksi matupu, mapya, hayajakunjwa. Nikamuuliza, akaniambia nisimuulize. Halafu zahanati ikaanza kuita wasambazaji. Nikajua wiki hii mtafika kwetu."

"Ukatutafutia pengine pa kufika kwanza."

"Nilijua hamtamfunga. Kwa picha moja? Nilijua mtamhoji, mtamtoza faini, mtamwachia, na sisi tungepata siku mbili tatu za kuyachoma yale makatoni. Jumanne hakukuwa na mtu aliyekufa, afande. Hakuna."

"Jana amekufa."

"Jana niliinuka pale kwenye benchi nije kukuambia. Nikafika mpaka kwenye mlango huu."

"Hukuingia."

"Sikuingia."

"Kwa nini ndugu yako? Mjini wapo wasanifu kumi."

Dada alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mwanamke analijua.

"Wengine ningepataje ufunguo wao?" Kisha akasema lile lingine. "Hana mke. Hana mtoto. Mimi nina watatu, na baba yao ni mmoja. Mwingine sitampata. Nikapiga hesabu."

Inspekta alikasirika. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amekaa mbele ya watu waliofanya mabaya kuliko haya na kalamu yake haikutetereka, lakini sasa ilibidi aiweke chini kidogo. Alimwonea huruma mwanamke huyu vile vile, na huruma hiyo ilizidi kumkasirisha. Simu ilipolia aliipokea haraka kuliko kawaida.

Alikuwa koplo, akipiga kutoka ghalani. Makatoni arobaini na moja nyuma ya ukuta wa mbao, kadi zenye mgongo wa kijivu, na gunia la vidonge visivyo na nembo. Shemeji alikutwa ameshika dumu la mafuta ya taa mlango ulipofunguliwa. Sasa amefungwa pingu na anaomba maji.

Inspekta alimwambia dada maneno hayo hayo, bila kupunguza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akatia sahihi kurasa zote nne mahali alipoonyeshwa. Kisha akatazama saa ya ukutani, akashika mkoba kama mtu anayeondoka.

"Watoto wanatoka shule saa tisa na nusu," alisema. "Huwa naondoka hapa saa tisa. Mdogo nikichelewa hutoka getini kunitafuta barabarani."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa nne alikaa.

"Kwa hiyo ile mia tatu ilikuwa uongo?"

"Ilikuwepo, mkuu. Imeandikwa pale pale fundi aliposema. Tuliamini kibandiko, hatukupima mfuko."

Mkuu alisaini hati ya kumwachia mtu na kuisukuma mezani bila kuangalia juu.

Milimita alitolewa mahabusu, akakabidhiwa mkanda, saa na kamba za viatu. Inspekta alimweleza hatua kwa hatua, kwa mfuatano wa matukio: kiwanda, karatasi, ghala. Alipofika kwenye ufunguo, Milimita alimkatiza.

"Andika niliupoteza. Mtu aliuokota."

"Ufunguo umeshakabidhiwa kwangu, una uzi wa kijani. Dada yako amekiri na ametia sahihi."

Kamba za viatu zilikuwa bado mkononi mwake.

"Amesema nini kuhusu mimi?"

Inspekta angeweza kumwambia atasoma mahakamani. Alifungua jalada akamsomea mstari ule kama ulivyo, kwa sauti ya kawaida. Hana mke, hana mtoto. Mimi nina watatu, na baba yao ni mmoja. Nikapiga hesabu.

Iliuma, na ilionekana imemuuma wapi. Milimita aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa na mlango, akabaki hivyo. Askari wa mapokezi alijifanya anatafuta muhuri.

"Na mume wake mmemkamata," alisema hatimaye.

"Yuko njiani."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini."

Milimita alisaini hati bila kuisoma, yeye ambaye husoma hata karatasi ya kufungia sabuni. Alivaa viatu bila kamba, akazitia mfukoni, akaelekea mlangoni kwa hatua ndefu.

"Ngoja, wewe!" askari wa mapokezi aliita, kidole kikiwa juu ya fomu. "Hujajaza hapa kwenye wanaokutegemea. Jumatano niliandika hakuna. Niandike hivyo hivyo?"

"Andika watatu," Milimita alisema, na alikuwa ameshatoka nje.